Neno la Kumi la Erisa Kato

Ndugu zetu mliofika, majirani wa Farsta, wafanyakazi wenzake wa treni, jamaa zetu wa Uganda, Kenya, Tanzania na Kongo mnaoishi hapa Stockholm, na nyinyi wazee tisa wa nyumba ya sala mliosimama pale karibu na mlango wa ukumbi huu wa maziko, poleni kwa msiba. Jina langu ni Babirye, ni pacha wa marehemu, nilimtangulia kutoka tumboni kwa muda mfupi tu, na familia imenituma niwasomee historia ya maisha yake. Nimeombwa pia nisome polepole, kwa sababu sala ambayo mtoto wa Kiyahudi humsomea mzazi wake kaburini, sala ambayo binti yake Clare ameikariri wiki nzima, haisemwi katika nyumba yao ya sala mpaka wapatikane wanaume kumi wa kuhesabiwa, na waliofika ni tisa, wa kumi yuko njiani kutoka Vällingby na treni ya mstari wa kijani imekwama. Haya, nitasoma polepole, ila nawaambieni, angekuwa Erisa anaiendesha treni hiyo, mtu wenu angekuwa ameshaketi.

Marehemu Erisa Kato alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, kilimani Nabugoye, nje kidogo ya mji wa Mbale, mashariki mwa Uganda, kitindamimba wa hayati Mzee Eliud na hayati Mama Miriamu, katika jamii ya Wayahudi wa Uganda, ambao babu zao walisoma Maandiko kwa macho yao wenyewe, wakashika Sabato, na wameishika kwa zaidi ya miaka mia moja sasa. Naliweka wazi hili mapema, kwa sababu wapo waliomwuliza ndugu yangu mpaka anaingia uzee, Uyahudi wake aliupata wapi, kana kwamba ni koti la mtu mwingine.

Alianza shule ya msingi mwaka 1978, wakati utawala wa jeshi ulikuwa umepiga marufuku sala yetu, na baba alikuwa akisali nyuma ya ghala la kahawa, huku sisi mapacha tumewekwa njiani tuangalie askari, tunajifanya tunacheza. Aprili 1979, wiki ileile ya Pasaka, ambayo kwa Wayahudi ni ukumbusho wa kutolewa utumwani Misri, serikali ile ilianguka, baba akatoka nyuma ya ghala, akasimama uwanjani, akasali kwa sauti mpaka mama akamwonea haya. Erisa aliuona ukombozi kwa macho yake akiwa na miaka minane, na tangu siku hiyo hakutokea mtu wa kumwambia kwamba haupo. Mimi nilikuwa nimesimama ubavuni pake, nikauona vilevile, lakini mimi niliwaona na askari wengine waliokuja baada ya hapo.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1985, sekondari mjini Mbale mwaka 1989, kisha akasomea ufundi wa magari Jinja hadi mwaka 1992, akafanya kazi gereji mpaka alipokuja Sweden tarehe 11 Oktoba 1999, akafikia kwangu Upplands Väsby, wakati mimi nilikuwa nimeshaolewa kanisani na Sabato nimeiacha, jambo ambalo hakunisema hata siku moja, na afadhali angenisema. Mwaka 2001 alianza kazi ya kusafisha mabehewa, mwaka 2006 akafuzu udereva wa treni ya chini ya ardhi, akaendesha mstari wa kijani mpaka alipougua, na kosa aliloonywa na wakubwa wake mara kwa mara ni moja tu, kwamba akimwona mtu anakimbia ngazi, alikuwa hafungi milango.

Alifunga ndoa na Josephine tarehe 22 Juni 2003, huko huko Mbale, mbele ya wazee wetu, kisha wakakaa mbalimbali kwa sababu ya makaratasi mpaka mwaka 2005 mke alipokubaliwa kuja, na tarehe 9 Februari 2007 Mungu akawajalia mtoto mmoja, Clare, huyu aliyekaa hapa mbele, ambaye ukimwuliza kwa Kiswahili atakujibu Kiswidi, lakini Kiebrania cha sala amefundishwa na baba yake, na hakosei.

Sasa nifike kwenye sala, maana huwezi kusimulia maisha ya Erisa ukairuka sala yake. Kila siku ya kazi, asubuhi, alasiri na jioni, Wayahudi husimama wakaomba baraka moja baada ya nyingine, na ya saba ni ya ukombozi, inamwambia Mungu aitazame taabu yetu, atutetee katika ugomvi wetu, atukomboe upesi kwa ajili ya jina lake. Siku moja jikoni kwangu, nikiwa nakaanga chapati, nilimcheka, nikamwambia ukombozi gani huo unaoombwa kutwa mara tatu na haufiki, jamani, si hata mtu mzima angeona aibu. Naye akacheka, akaniuliza mbona chapati nimekula jana na leo nakaanga tena. Kisha akanieleza, akiwa na mafuta mpaka kwenye ndevu, kwamba watu hudhani baraka hiyo ni ya siku ya mwisho, ya kurudishwa Yerusalemu na kuja kwa Masihi, na mambo hayo yana baraka zake mbele huko, lakini ya saba imewekwa katikati ya kuomba msamaha na kuomba uponyaji, mahali pa shida za mtu za kila siku, na wafasiri wao wa zamani walisema wazi kwamba inaomba kuokolewa na taabu inayokusonga leo, bosi anayekuonea, kodi ya nyumba, mtu anayekudharau mlangoni. Siku ya Sabato haisemwi, kwa kuwa siku hiyo si ya kupeleka shida, kwa hiyo taabu, alisema, husubiri Jumapili. Na hakuna anayejiombea mwenyewe pale, ukisimama unawaombea wote, hata yule anayekusumbua, kwa sababu naye amefungwa na kitu. Hapo ndipo nilipochukia, nikamwambia basi we endelea kuwaombea, chapati yako inapoa.

Nilichukia kwa sababu nilijua anamsema nani. Tangu mwaka 2011 Erisa alikuwa akienda asubuhi, kabla ya zamu, katika nyumba ndogo ya sala ya watu binafsi, sitaitaja, na huko kuna desturi kwamba watu hawahesabiwi kwa namba, huhesabiwa kwa mstari wa Zaburi wenye maneno kumi, kila mtu neno lake: okoa, watu, wako, bariki, urithi, wako, uwachunge, uwabebe, hata, milele. Asubuhi ile ya kwanza walikuwepo tisa, na Erisa wa kumi, amevaa shali yake ya sala aliyoachiwa na baba. Mzee mwenye kuhesabu alipita na kidole chake, akafika neno la tisa, akamtazama ndugu yangu, akalimeza lile la kumi, akakaa akisubiri mlango ufunguke. Alimweleza kwa upole kwamba jambo la Wayahudi wa Uganda, kama wanahesabika, bado linaulizwa kwa wakubwa wa dini. Liliulizwa miaka kumi na minne. Ndugu yangu alirudi tena na tena, akasimama, akaambiwa karibu, akapewa kitabu, akapewa kahawa, neno lake hakupewa, na kila asubuhi akafika kwenye baraka ya saba akawaombea ukombozi watu wasiomhesabu. Wahenga walisema subira huvuta heri, haya, Erisa aliivuta mpaka kamba ikamchubua mikono, na heri sikuiona.

Mzee mwenyewe leo yupo, ni yule mwenye fimbo, karibu sana mzee, na asante kwa kuwahi.

Mwezi Agosti 2025 marehemu alianza kulalamika maumivu ya tumbo, akapimwa, ikaonekana ni saratani ya kongosho na imeshaenea, akalazwa, akatoka, akalazwa tena, na jua lilipokuwa linazama Jumatatu tarehe 3 Novemba 2025, akiwa na mkewe, bintiye na mimi, akaaga dunia. Siku mbili kabla yake alinishika mkono, akaniomba kwamba wazee wa nyumba ya sala wakija kumzika nisiwagombeze, niwaache wahesabu, naye ataridhika. Alitaka niahidi. Mimi nilimfunika blanketi vizuri, nikamwuliza kama anasikia baridi, ahadi sikutoa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza bila kuchoka, inamshukuru jirani yetu Muhammed, aliyempeleka hospitali na kumrudisha kila alipoitwa na hakutaka kusikia neno asante, inamshukuru Kuria na madereva wenzake walioshika zamu zake, akina mama waliopika, na wote mlioleta maua, hata kama mmeambiwa myaache nje, kwa kuwa Wayahudi hawaweki maua kaburini, msijisikie vibaya, Erisa angeyapenda. Nawashukuru na nyinyi wazee tisa, kwa moyo wote niliobakiwa nao.

Nimefika mwisho wa karatasi, mlango bado umefungwa, na mtu wa kumi hajaonekana. Ndugu yangu, nisamehe, sikukuahidi. Ugomvi wako uliupeleka kwa Mungu kutwa mara tatu akutetee, na leo, kwa kuwa simwoni mwingine aliyesimama, nitautetea mimi, kwa kidole changu hiki, na kama ni dhambi iandikwe kwangu, mwanamke niliyeacha Sabato. Mzee mwenye fimbo, okoa. Unayemfuata, watu. Wako. Bariki. Urithi. Wako. Uwachunge. Uwabebe. Wewe uliye karibu na mlango, hata.

Na wewe Erisa Kato, mwana wa Eliud, uliyelala hapa kwenye jeneza, milele.

Kumi tumetimia. Clare, mwanangu, mimi shangazi yako nakwambia, simama umsomee baba yako.

Pumzika kwa amani, pacha wangu, umehesabiwa.