Sweta la Kwenda Joni

Siku ile kwenye benchi la Mbalizi, pembeni ya barabara kuu, walikuwapo watu watano na mtoto mmoja. Alikuwapo mzee Didas, mwenye kahawa. Alikuwapo Andendekisye, ambaye wote walimwita Shimo kwa sababu alichimba dhahabu miaka miwili kule Afrika Kusini, nchi ambayo pale benchini waliiita Joni. Alikuwapo Anania Barafu, mkulima wa viazi kutoka milima ya Uporoto, na Crispin wa Iringa, dereva wa lori. Wa tano alikuwa Tusekile, na mwanawe Anyitike mgongoni. Ilikuwa Juni ya mwaka hamsini na sita. Jua limetoka, lakini bado halijaanza kazi.

Tusekile alikuwa ameshika sweta la sufu alilolifuma kwa miezi mitatu. Mumewe, Lutengano, alikuwa mgodini Joni mwaka wa pili sasa. Jirani yao Alinanuswe alikuwa anaondoka asubuhi hiyo kwenda mgodi uleule, na lori la Crispin lingemfikisha Tunduma. Tusekile alikuwa hajaamua: sweta liende kwa baba, au alifumue amfumie mtoto masweta mawili madogo? Uzi mwingine hakuwa nao.

Mzee Didas alisogeza jiko la mkaa kidogo ili joto limfikie Anyitike. Tusekile aliona.

— Shemeji Shimo, wewe umefika huko. Joni ni baridi au joto?

— Joto! Ukishuka futi elfu nne, jiwe lenyewe lina homa. Tulikuwa tunachimba vifua wazi. Sweta hilo atafutia jasho tu.

— Acha chumvi, alisema Anania. Ardhi ni baridi. Mimi nachimba viazi kila siku, sijaungua hata kidole.

— Wewe unachimba futi moja, bwana!

— Haya, basi njoo kwangu uone baridi. Juzi nimekamua ng'ombe alfajiri, maziwa yakaganda kutoka kwenye chuchu mpaka kwenye ndoo, yamesimama kama mshumaa. Ikabidi niyavunje.

— Ukayafanyaje?

— Watoto waliyatafuna kama muwa.

Crispin alicheka mpaka kahawa ikammwagikia gotini.

— Nyie endeleeni na baridi, joto hamlijui. Nendeni bonde la Ruaha mwezi wa kumi na moja. Nilisimamisha lori nikashuka kutafuta maji ya rejeta. Kuku kumi na mmoja wakanifuata. Nikikata kulia, wanakata kulia. Nikadhani wamenipenda. Kumbe wanagombea kivuli changu!

— Na wembamba wako huo, waliingiaje wote?

— Walipanga foleni. Tena Iringa ni mji mmoja wenye majira mawili. Ipogolo, bondeni, unavua shati. Ukipanda mlima kwenda mjini, kufika sokoni unaomba koti. Mjomba wangu nyumba iko chini, shamba liko juu. Siku hizi anavaa koti mkono mmoja tu, asisumbuke kuvaa na kuvua.

Tusekile alicheka, kisha akakunja uso akifikiri.

— Lakini juu si ndiko karibu na jua? Mbona ndiko kwenye baridi?

Anania alikuna kidevu.

— Jua likipita kwetu liko mbioni. Halitui mpaka lifike bondeni.

— Sivyo, alisema Shimo. Joto linatoka shimoni. Linapanda, linapoa njiani. Likifika kwa Anania limeshakufa.

— Kama kahawa yangu, alisema mzee Didas. Wa kwanza anaungua ulimi, wa mwisho ananilalamikia.

— Mama Anyitike, alisema Anania, fumua hilo sweta. Mtoto yuko hapa, na baridi iko hapa. Mumeo yuko kwenye joto, na shahidi huyu hapa amekaa.

Tusekile alitafuta ncha ya uzi, akaishika. Hapo ndipo Alinanuswe alipofika na mfuko wake. Akapewa kikombe, akaelezwa mjadala wote, hata wa kuku.

— Kwani mwenyewe Lutengano anasemaje? aliuliza. Anasikia baridi, au hasikii?

Benchi zima likamgeukia Tusekile.

— Nina barua zake tano, alisema Tusekile. Zote zinasema: mimi ni mzima wa afya, hofu ni juu yenu nyumbani.

— Ndivyo barua zinavyoandikwa, alisema Anania.

Shimo aliweka kikombe chini.

— Hata mimi niliandika hivyohivyo. Ile miezi miwili niliyolazwa kifua, niliandika mimi ni mzima wa afya.

— Ulilazwa kwa joto, shemeji? aliuliza Tusekile kwa upole.

— Kwa baridi. Chini ni joto kweli, hapo sijadanganya. Lakini zamu ikiisha mnapandishwa juu alfajiri. Shati limelowa jasho, na nje majani yameshika barafu. Mnasimama mstari kusubiri kuitwa majina. Pale, shemeji. Pale ndipo.

— Miaka yote hii hukutuambia, alisema Anania, safari hii bila kucheka.

— Mlikuwa mnauliza habari za joto.

Tusekile aliachia ule uzi. Alilikunja sweta mara mbili, akampa Alinanuswe.

— Mwambie alivae kabla hajatoka nje.

Crispin alikwenda kuwasha lori. Anania alivua skafu yake ya sufu, iliyotoboka mahali pawili, akamfunika nayo Anyitike mgongoni kwa mama yake.

— Mimi nimezoea, alisema, akaomba kahawa nyingine.

— Ndaga fijo, baba, alishukuru Tusekile kwa Kinyakyusa.

Barua ya sita ilifika mwezi wa tisa. Lutengano alikuwa ameongeza mstari mmoja chini: sweta linambana kwapani, lakini halivui.