Mwalimu Nthenya na Mto Mweupe wa Ukutani

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kufundisha Sanaa, ishirini na sita kati yake hapa Shule ya Sekondari ya Kwa Mulinge, karibu na Matiliku, Mwalimu Nthenya Nyamai anastaafu tarehe 31 Machi. Chumba cha walimu kitapoa. Nasema hivyo mapema, nisije nikasahau nikianza kumtania.

Alitoka kwao Mutomo akaja kwetu na sanduku la nguo na mchoro mmoja ndani ya fremu, zawadi ya mwalimu wake wa chuoni. Ni mandhari iliyochapwa kwa ubao uliochongwa, lakini usitafute mti wala mlima. Juu ni mikwaruzo myekundu iliyopigwa kama kwa hasira, chini ni mkanda mweupe wenye madoa meusi, ambao yeye aliuita mto. Aliutundika darasani. Mwanafunzi aliyeandika kwamba haoni kitu alipewa alama zote kwa kusema ukweli, kisha akarudishwa kuutazama dakika kumi zaidi.

Mimi Waithaka, naibu wa mwalimu mkuu, ni mtu wa Nyeri, ambako mito haikauki, na nilicheka sana. Nilimwuliza huo ni mto gani usio na maji. Kwa hiyo mwaka wa 2019, mwenyekiti wa bodi, Mzee Kyule, aliposema kitu kisicho na maana kitolewe ukutani, niliunga mkono. Jamani, niliunga kwa mikono miwili.

Nthenya hakubishana. Alimwita Mama Mutanu, mpishi wetu, akamwomba atusomee mchoro. Mama Mutanu alijifuta mikono, akaweka kidole kwenye doa jeusi. Akasema hicho ni kisima cha mchangani, shimo la kuchota maji yanayobaki chini ya mchanga mto ukikauka, kama vile walivyokuwa wakichimba yeye na mamake katika mto wetu hapa chini, kabla malori hayajaanza kuzoa mchanga. Wekundu wa juu ni udongo wa mteremko usio na matuta ya kuzuia mmomonyoko. Watu hawaonekani, akaongeza, kwa sababu wameinama ndani ya mashimo.

Mzee Kyule alikuwa na malori mawili ya mchanga. Dakika tano awali alitaka mchoro utolewe kwa kuwa hausemi kitu. Sasa alitaka utolewe kwa kuwa unasema mno.

“Mzee, ukitolewa nitaubeba mwenyewe,” Nthenya akamwambia, “na mimi sitarudi.”

Tulijua hatanii. Mzee alimaliza chai yake akaenda zake, na mchoro ukabaki. Tangu siku hiyo nimemwona akifundisha madarasa mengi vivyo hivyo: tazama rangi kwanza, halafu uliza ni nani anaishi pale na nini kimempata. Nami niliacha kucheka.

Wiki jana tuliufunga mchoro wake vizuri kwa karatasi ili aende nao nyumbani. Aliichana karatasi mbele yetu, akapanda kiti, akaurudisha kwenye msumari.

“Kwetu Mutomo mto bado una mchanga wake,” alisema. “Hawa watoto wa hapa watauona wapi?”

Asante, Mwalimu. Tutakukosa sana. Mungu akupe afya na miaka mingi ya kupumzika kando ya mto wenu.