Kasha Lile Lile

Fundi cherehani alifumba macho, kazi akayaachia masikio. Kiti cha mbele, karani mmoja alikuwa akijicheka mwenyewe kwa abiria mwenzake.

"Kompyuta ya nyumbani ilikuwa imezeeka. Nikabadilisha prosesa, memori, hadi kadi ya gemu, kidogo kidogo. Kasha nikaliacha lile lile lenye ufa, mke wangu asishtuke. Nikajiona mjanja."

"Akagundua?"

"Afadhali angegundua. Kaona inakimbia, kasema kumbe bado nzima, apewe mdogo wake. Mimi eti nimevumilia vya kutosha, nitafute mpya."

Fundi aliuma mdomo asicheke.

"Si umwambie ukweli, ndugu yangu?"

"Shemeji keshanishukuru."

Basi likasimama. "Na hiyo feni mkononi?" mwenzake akauliza.

"Ya kwake," karani alijibu akishuka. "Asije akasema nimempa mashine inayochemsha."