Midomo Nyuma ya Kioo

Benchi lipo mbele ya kibanda cha chai cha Bi Nellie, hapo Blackburn, Uingereza, likitazamana na ofisi ya kiwanda cha nguo. Mashine zimenyamaza tangu Pasaka, lakini wafumaji wanakuja palepale kuulizana yaleyale. Hetty Ormerod alikuwa na lake moja: mashine nne anazofumia zitawashwa tena au basi? Nyuma ya dirisha meneja alikuwa akizungumza na mgeni kutoka Bombay, suti imemkaa sawasawa. Meneja hajawahi kufuma hata leso. Alifunga dirisha akadhani amefunga siri, akasahau kwamba kwenye makelele ya mashine wafumaji huongea kwa midomo bila sauti, na husomana toka ukuta hadi ukuta.

— Yule mwana wa mfalme, alisema mzee Seth, ambaye kwa kupenda kuhubiri wamembandika jina la Askofu. — Kaja kuagiza shuka za jeshi zima.

— Jeshi gani? Nellie akamcheka. — Kaja kuununua mji. Kanisa lako atalifanya zizi la tembo.

— Tembo watakula nini Blackburn?

— Mahubiri yako.

— Hebu nyamazeni, nasoma, Hetty alisema.

— Wanasemaje?

— “Mashine zote. Zifungwe kwenye makasha. Ziende Bombay.”

Chai ikammwagikia Seth mapajani.

— Wanatunyang'anya kazi yetu Wahindi hawa! Bibi yangu kawafumia shuka, mama kawafumia, mimi nimewafumia. Ndiyo shukrani hiyo?

Mgeni akageuka. Akamtazama Hetty kupitia kioo, akachezesha midomo taratibu: Nakuja.

— Mungu wangu, Hetty alisema. — Naye anasoma.

Mgeni akavuka barabara, kofia mkononi.

— Naitwa Salvi. Sina jeshi wala tembo. Nilikuwa mfumaji kabla sijavaa suti.

Nellie akammiminia chai iliyobaki.

— Zile nne zangu za karibu na mlango, Hetty aliuliza. — Nazo zinakwenda?

— Nazo, dada.

Alilisema bila kukwepesha macho, na Hetty alishukuru kwa hilo tu. Kisha mgeni akamgeukia Seth.

— Mzee, nimeyasoma maneno yako yote. Swali langu ni moja. Kabla bibi yako hajaanza kutufumia, shuka zetu kule India alikuwa akizifuma nani?

Askofu akafungua kinywa. Hetty, kwa mazoea, akaitazama midomo yake. Haikuwa na neno la kusomeka.