Kefa Ntandu na Jumapili Zisizo na Sikukuu

Wapendwa waombolezaji, wachungaji, wazee wa usharika, nanyi shangazi na wajomba mliotoka Unyambwa kwa miguu, familia inaomba masikio yenu kwa maisha ya mpendwa wetu Kefa Ntandu, na imeagiza asipambwe kwa utakatifu asiokuwa nao, maana mwenyewe angeinuka kubisha.

Marehemu alizaliwa Unyambwa mwaka 1901, akasoma shule ya misheni kuanzia 1920 hadi 1923, akiwa ndiye mwenye ndevu darasani, akabatizwa, na tarehe 4 Januari 1925 akatumwa Mtinko kuwa mwinjilisti. Tarehe 16 Juni 1928 alifunga ndoa na Dorika, binti wa mama Rahabu, wakajaliwa watoto watatu, Isaka, Selina na Manase.

Shida ya Mtinko ilikuwa moja, kwamba Krismasi na Pasaka watu walijaa mpaka madirishani, lakini zikianza zile Jumapili ndefu za baada ya sikukuu ya Utatu, mtama umevunwa na pombe imeiva, Kefa alihubiria mabenchi na Dorika. Mwaka 1938 misheni ikatoa neno kwamba mchungaji atakuja Agosti 14, Jumapili ya tisa baada ya Utatu, na akikuta kanisa tupu litafungwa. Kefa alikosa usingizi, maana matofali ya kanisa lile aliyafyatua mwenyewe, akaamua kila Jumapili isiyo na sikukuu aipe ya kwake. Akaanza na Jumapili ya Majembe, watu wakaja, ikafuata ya Mbegu, wakaongezeka, basi kichwa kikamvimba, na ile siku ya mchungaji akaitangaza kuwa Jumapili ya Wakwe, kila mtu aje na wa kwake.

Mwana wa watu alisahau jambo ambalo kila Mnyaturu analijua, kwamba mama mkwe na mkwewe wa kiume hawatazamani usoni, sembuse kubanana chumba kimoja. Akina mama waliwahi, wakajaa ndani, na wanaume walipochungulia na kuwaona, walirudi nyuma mbio, wakaketi nje wakiupa ukuta mgongo. Kefa naye, alipomwona mama Rahabu benchi la mbele, alijibanza nyuma ya mlango wa sakristia, akahubiri kutokea huko, huku mama Rahabu amejifunika kanga kichwa kizima, akiitikia amina kwa nguvu. Mchungaji alipouliza mhubiri yuko wapi, mama huyo alimjibu kwamba yupo, anasikika, na sura yake hakuna aliyeifuata. Hatimaye akina mama wakatoka, wanaume wakaingia, ibada ikasaliwa upya yote, na mchungaji, njaa ikimuuma, akasema kanisa linalohitaji ibada mbili katika Jumapili ya kawaida yeye hawezi kulifunga.

Marehemu alianza kuugua kifua Machi 1956, akalazwa mara kadhaa, na jana Jumamosi, tarehe 6 Oktoba, alfajiri, akafariki, Dorika amemshika mkono. Inatuuma sana.

Tunawashukuru daktari na wauguzi, waliomvumilia akiwapangia ibada wodini bila kuombwa, jirani yetu mzee Amri na jamaa zake Waislamu waliochimba kaburi, wainjilisti wenzake, na ninyi nyote mliojaa humu hadi nje, katika Jumapili ya kumi na tisa baada ya Utatu.

Lala kwa amani, Kefa. Jumapili ijayo ni ya ishirini, haina sikukuu, nasi tutakuja.