Bi Tabia Mcha na Kanda Nane za Mikunguni

Tarehe 30 Juni 2025 Bi Tabia Mcha anastaafu, baada ya miaka thelathini na minne katika Hifadhi ya Sauti, hapa Shangani. Alianza kwa kufuta vumbi kwenye makasha. Anaondoka akiwa Fundi Mkuu. Masikio yake yanajulikana: aliwahi kushuka ghorofa tatu kumwomba Bwana Pirbhai, mwenye duka la chini, azime pangaboi lake, kwa kuwa alilisikia ndani ya rekodi.

Lakini kazi itakayokumbukwa ni ya mwaka 2016. Mzee Nahodha, mpiga tarumbeta, alileta kanda nane za Bendi ya Umeme ya Mikunguni za mwaka 1984: magitaa na kinanda cha umeme mbele, tarumbeta, tromboni na saksafoni kumi na mbili nyuma. Nakala nyengine hazikuwapo. Bi Tabia aliijaribu ya kwanza. Ikalia kama mlango mbovu na kutema unga wa kahawia. Aliizima papo hapo. Unyevu ulikuwa umezila.

Dawa ilikuwa moja: kuzikausha ndani ya joko kwa nyuzi hamsini na nne, saa nane mfululizo.

"Ukiniunguzia hizi, mwanangu, mimi sina tena," alisema Mzee Nahodha.

Tuliazima joko la kuokea keki. Mimi nilisoma kipimajoto, Bi Tabia akishika mlango, akifungua na kufunga. Saa ya tano joto liliruka hadi sabini na moja. Alizitoa zote kwa mikono mitupu, vidole vikababuka. Saba zilikuwa salama. Moja, ya juu kabisa, iliyoandikwa namba saba, ilikuwa imejikunja ukingo mzima.

Ndiyo iliyokuwa na saksafoni ya Kificho, marehemu mdogo wake Mzee Nahodha, akipiga peke yake.

Nilishauri tuseme ilikuja imeharibika. Bi Tabia hakukubali. Alichukua kasha, akaenda Mikunguni kwa Mzee Nahodha.

"Shikamoo, Mzee. Nimekuharibia kanda moja. Kosa langu."

"Marahaba. Ipi?"

"Ya saba."

Mzee aligeuka, akaingia ndani. Siku tatu hakupokea simu. Siku hizo Bi Tabia alihamisha zile saba kwenye kompyuta, vidole vimefungwa bendeji.

Siku ya nne Mzee alikuja bila kuitwa. Alikaa, hakutusalimu. Bi Tabia alimwekea kanda ya pili, wimbo ambao bendi yenyewe iliukataa kwa kuwa uliharibika katikati. Gitaa likaanza, tarumbeta zikapanda, na ghafla saksafoni moja ikachomoza kabla ya wenzake.

Mzee aliruka kitini. "Huyo Kificho! Huyo! Hajapata kungoja zamu yake hata siku moja!" Alicheka huku machozi yanamtoka, akataka urudiwe. Tulirudia mara kumi na moja.

Bi Tabia ndiye aliyetaka habari ya kanda ya saba iandikwe humu, na jina lake juu yake. Tumeandika.

Ahsante, Bi Tabia, kwa masikio yako na kwa ukweli wako. Nenda Bwejuu ukapumzike kwa afya na furaha, na akupokee kila unayempenda.

Talib Yussuf, Chumba cha Mitambo