Théodore Cishugi na Kuku Iliyopona

Ndugu zetu wa Mudaka, wakwe zetu wa Idjwi, majirani wa Kadutu, mimi ni Benoît, mutoto wa mudogo wa marehemu, familia imenituma niwasomee maisha ya baba mukubwa, na nitayasoma yote, hata pale ambapo wengine mungependa nikohoe kidogo na kupita.

Théodore Cishugi alizaliwa Mudaka tarehe 12 Machi 1934, mutoto wa kwanza wa muzee Pascal na maman Emérence, akasoma shule ya msingi kwa wamisionari, akaingia shule ya mifugo, akatoka huko mwaka 1954 na diploma ya msaidizi wa veterineri. Mwaka uliofuata alianza kazi kwenye laboratwari ya mifugo hapa Bukavu, hakuiacha tena, na mwaka 1972, serikali ilipoondoa majina ya ubatizo kwenye karatasi, kazini akawa sitwayen Cishugi, yaani raia Cishugi, lakini nyumbani tulibaki na Théodore wetu.

Kazi yake ilikuwa damu ya kuku. Alizunguka parsele kwa parsele, uwanja wa kila nyumba, na sahani nyeupe na chupa ya dawa ya rangi ya zambarau, anachoma kuku kwa sindano chini ya bawa, anatia tone moja la damu, anachanganya na dawa, anatikisa sahani polepole, na dawa ikigandamana kama maziwa yaliyoharibika, alisema kuku hiyo imekwisha kupigana na vijidudu vya salmonela. Alitueleza mara nyingi, tukipenda tusipende, kwamba damu ya kuku kubwa ina askari wake, askari wanamukamata adui, kuku inapona, inakula, inataga, inanona, lakini adui wengine wanajificha ndani ya bandama na mahali mayai yanapoanzia, na kifaranga kinatoka ndani ya yai na adui tayari tumboni, kingali hakina askari, kinaharisha nyeupe, kinakufa. Sisi huku kwetu tulifanya kinyume, kuku ikiokoka pigo peke yake tuliiita kuku ya baraka, tukaipa bibi arusi aende kuzalisha nayo.

Tarehe 8 Agosti 1970 alifunga ndoa na Rosalie wa Idjwi, wakangoja mutoto miaka mingi, na tarehe 14 Januari 1977 Mungu akawapa Colombe. Furaha ilikuwa kubwa, na mama mukwe akatuma kwa boti kuku moja nyekundu, iliyobaki peke yake wakati kuku za kijiji kizima zilikufa, na kwa wakwe zetu kuku ya namna hiyo haichinjwi mpaka mutoto atembee, maana wanaamini uzima wake umefungwa pamoja na uzima wa mutoto. Ilitaga, ikalalia, vifaranga vikafa vyote, ikalalia tena, vikafa tena, na vya jirani Maman Agnès vikaanza kufa pia. Baba mukubwa akatoa sahani yake, damu ikagandamana, na siku hiyohiyo, Rosalie akiwa sokoni, akaiua ile kuku na kuizika nyuma ya nyumba.

Nasema wazi, kuhusu kuku alikuwa na haki, kuhusu watu hakujua kitu. Angengoja muke wake arudi, angemuonyesha ile sahani, angepanda boti kwenda kumueleza mama mukwe, lakini yeye alifikiri ukweli unatosha wenyewe. Rosalie alikuta manyoya, akamuuliza jambo moja tu:

"Théodore, mutoto wangu unamutakia nini?"

Akafunga vitu, akamubeba Colombe, akavuka ziwa kurudi kwa mama yake Idjwi. Baba mukubwa alimufuata na mbuzi kuomba musamaha, wakwe walipokea mbuzi, wakamupa kasiksi, pombe ya ndizi, wakamuambia Rosalie yuko shambani, akanywa, akarudi na boti ileile. Tangu hapo aliishi peke yake, na ninyi majirani, tusifichane, mulipoona bluzi yake nyeupe ya kazi mulifungia kuku ndani ya nyumba, hamukumuita kwenye ubatizo wala kwenye matanga, mukisema anapopita kuku zinakufa. Maman Agnès alikuwa akimusikia akisonga bugali, mwiko unagonga mara chache tu, bugali ya mutu mumoja.

Mwaka jana kifua kilimushika, alilazwa mara mbili, akarudi nyumbani, na tarehe 3 Septemba 1986 Maman Agnès alishangaa kuona kuku za baba mukubwa hazijafunguliwa asubuhi, akasukuma mulango, akamukuta amekwisha kwenda.

Tunawashukuru waganga na wauguzi waliomutunza, tunawashukuru wenzake wa laboratwari waliotengeneza sanduku, tunamushukuru Maman Agnès, na majirani wote tunawashukuru, ijapokuwa mumechelewa, kwa kuku mulizoleta kwenye matanga haya, kelele zake zinajaa kwenye parsele hii ambayo hakuna aliyeingia kwa hiari yake miaka tisa.

Rosalie alifika jana na Colombe. Ametuambia kwamba mama yake alipokufa, yeye Rosalie alichinja kuku zote za zamani, akaanza na zingine, na vifaranga vikaishi, akajua mume wake alisema kweli, lakini haya ilimufunga mdomo, akachagua mitetea miwili ya kumuletea mume wake aipime, ili apate la kuanzia maneno, na habari ya kifo ikamukuta anasuka kikapu. Alipofika hakuifungua pamoja na zile zenu, alisimama katikati ya parsele na kikapu mukononi, akauliza:

"Hizi hazijapimwa. Nani atazipima?"

Sahani iko juu ya meza, safi, kama alivyoiacha, na mitetea bado iko ndani ya kikapu.

Baba mukubwa Théodore, muke wako amekuja. Amani tuliyokunyima hapa, uipate huko, upumzike ndani yake.